Ujenzi Mbovu Hulipiwa Kamatanda

Mwanzoni mwa kila mwezi wauguzi wa vituo vya afya vya Likasi hukaa na madaftari yao kujumlisha: watoto wangapi wa chini ya miaka mitano walipatwa na malaria, wajawazito wangapi walihudhuria kliniki, chanjo ngapi zilitolewa, surua ilionekana au haikuonekana. Jumla hizo huandikwa kwenye fomu ya mwezi, kaneva kama tunavyoiita huku, kisha fomu hupelekwa ofisi kuu ya zoni ya afya, ambako mtu huziingiza katika DHIS2, programu ya wavuti inayobeba takwimu za afya za nchi nzima na zoni zake 519. Kwa watu wa Kamatanda, wanaoishi jirani na reli na machimbo ya shaba na kobalti, namba hizo ni miongoni mwa njia chache za kuwafikishia wakubwa wa Lubumbashi na Kinshasa habari za afya zao bila kupitia kwa mtu wanayejuana naye. Nimefanya kazi ya programu za namna hii muda wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wangu ni kwamba zana za kujengea programu, zile ambazo mtumiaji hazioni kamwe, ndizo zinazoamua kama kosa dogo la kwenye skrini litarekebishwa wiki hii, mwakani, au halitarekebishwa kabisa. Anayezipuuza kwa kuwa ni mambo ya ndani ya mafundi anamwachia muuguzi bili ya kulipa.

Nieleze kwanza ujenzi wenyewe, maana wengi wanaotumia programu za wavuti kila siku hawajawahi kuambiwa kwamba zinajengwa. Mwandishi wa programu huandika faili nyingi ndogo ndogo, mara nyingi mamia, na huazima maktaba zilizoandikwa na wengine kwa ajili ya tarehe, jedwali, ramani na vitufe. Kivinjari cha mtumiaji hakipaswi kupokea rundo hilo lote kama lilivyo. Zana ya ujenzi husoma kila kitu, hufuata nani anamhitaji nani, huondoa kisichotumika, hubana kilichobaki na kutoa faili chache za kupeleka kwenye seva. Mtu wa Likasi ataelewa upesi akifikiria viwanda vya Shituru: hakuna anayetaka kulipia nauli ya mawe yanayotoka Kambove mpaka bandarini ilhali anachouza ni shaba iliyomo ndani yake. Miradi mingi ya programu bado inasafirisha mawe. Mfano unaojulikana sana ni Moment, maktaba ya tarehe iliyotumika duniani kote kwa miaka mingi mpaka waandishi wake walipotangaza mwaka 2020 kwamba haitaongezewa mambo mapya. Maktaba hiyo ina majina ya siku na miezi kwa lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Baadhi ya zana za ujenzi, zisipoambiwa vinginevyo, huzichukua lugha zote, na uzito wa maktaba baada ya kubanwa hupanda zaidi ya mara tatu. Ofisi ya zoni ya afya inayohitaji Kifaransa peke yake inanunua mega ili kupakua majina ya miezi ya lugha ambazo hazitasomwa humo milele.

Hesabu yake si ngumu. Mtandao unaposhuka mpaka kilobiti 100 kwa sekunde, jambo la kawaida ukitoka katikati ya mji au mnara ukiwa umeelemewa na watu, faili ya megabaiti 2 huchukua sekunde 160, karibu dakika tatu, mradi isikatike njiani. Ikikatika, mara nyingi huanza upya. Lakini tuseme zana imepangwa vizuri: maktaba zilizoazimwa zimewekwa kwenye faili yao, msimbo wa mradi kwenye faili nyingine, na kila faili imepewa jina linalotokana na yaliyomo ndani yake, kiasi kwamba jina hubadilika pale tu maudhui yanapobadilika. Kivinjari kilichopakua jana kinakuta leo majina yaleyale na hakirudii kupakua. Kilichobadilika ni faili moja ya kilobaiti 40, nayo inafika kwa sekunde tatu na kidogo. Marekebisho ni yaleyale, neno lilelile limesahihishwa kwenye kitufe kilekile, ila mmoja amengoja dakika tatu na mwingine sekunde tatu. Tofauti yote imetoka kwenye faili ya mipangilio ambayo hakuna mkuu wa mradi aliyewahi kuomba kuiona.

Sasa nije kwenye skrini yenyewe, kwa kuwa huko ndiko madhara yanakoonekana. Chukua kisanduku cha namba. Kiwango cha HTML, lugha ya kurasa za wavuti, kina kisanduku maalumu cha namba, na mwandishi wa programu hukitumia kwa nia njema kabisa: kinakataa herufi na kinaleta kibodi ya namba kwenye simu. Lakini katika baadhi ya vivinjari, mshale ukiwa bado ndani ya kisanduku na mtumiaji akizungusha gurudumu la kipanya ili ashuke chini ya fomu, namba hubadilika badala ya ukurasa kushuka. Aliyeandika 41 anaacha 40, au 38, kutegemea alivyozungusha. Hakuna sauti wala rangi nyekundu. Kanuni za uhakiki hazikamati, kwa sababu 40 ni idadi inayokubalika ya watoto wenye malaria kama ilivyo 41. Fomu ya mwezi ni ndefu, kwa hiyo kila anayeijaza huzungusha gurudumu. Dawa yake inajulikana: tumia kisanduku cha kawaida cha maandishi, kiambie simu kilete kibodi ya namba, kagua kilichoandikwa kabla ya kuhifadhi. Ni mistari michache. Fundi mzoefu huimaliza kabla chai haijapoa.

Kuna pia suala la sifuri, ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote. Muuguzi anayeandika 0 kwenye mstari wa surua anasema: nimeangalia, hakuna mgonjwa. Anayeacha kisanduku wazi hajasema kitu. DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri, ili kupunguza mzigo wa hifadhidata, isipokuwa msimamizi ameagiza kwamba kwa kipengele fulani sifuri ina maana. Huo ni uamuzi unaoeleweka, lakini unaiachia skrini kazi nzito. Skrini isipoonyesha wazi kwamba kisanduku hiki kimejibiwa na hiki hakijajibiwa, kituo kilichofanya kazi yake na kituo kilicholala vitafanana mbele ya anayesoma ripoti. Kurekebisha hilo hakuhitaji mfumo mpya. Kunahitaji rangi, alama, ujumbe mfupi wa Kifaransa ulioandikwa na mtu anayejua kazi ya kituo, na kitufe ambacho hakijakatwa neno kwa kuwa kilipimwa kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi zaidi.

Haya ni marekebisho madogo, na udogo wake ndio unaoyaua. Katika miradi niliyoifahamu kwa karibu, ya mashirika mbalimbali na yenye fedha za viwango mbalimbali, sikuona fundi aliyekataa kurekebisha kisanduku kwa sababu hajui. Waliahirisha. Ujenzi uliochukua nusu saa, ukakwama kwa kosa lisilohusiana na kisanduku, ukadai toleo fulani la Node, programu inayoendesha zana hizo, ambalo halipo tena kwenye mashine, humfundisha mtu mwenye akili timamu kwamba kazi ya mistari michache haifai kuanzishwa. Huiweka kwenye orodha, na orodha hurefuka. Baada ya mwaka mradi una makosa madogo mengi ambayo kila mmoja anayajua na hakuna anayeyagusa, mpaka watumiaji wenyewe wanajifunza kuyakwepa: wanaandika namba kwenye karatasi ya pembeni, wanahakiki mara mbili, wanaelekezana kwa mdomo kwamba usizungushe hapa, bofya kule kwanza. Mgeni akija kutathmini anasema watumiaji wamezoea mfumo. Ni kweli wamezoea, kwa gharama ya muda ambao ulipaswa kuwa wa wagonjwa. Ujenzi unaomalizika kwa sekunde chache na kutoa matokeo yaleyale kila mara hubadilisha tabia ya mafundi kuliko hotuba yoyote ya ubora. Hapo kosa linarekebishwa siku linapotajwa, na linaandikiwa jaribio la kiotomatiki linaloendeshwa kila ujenzi, ili gurudumu lisirudi kula watoto wa malaria miezi sita baadaye.

Historia ya DHIS2 yenyewe inaunga mkono hoja hii. Kazi ilianzia Afrika Kusini baada ya 1994 na ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wa nchi nyingi. Kenya ilipoamua mwaka 2011 kuuweka mfumo mzima wa taifa kwenye seva moja kuu, baada ya majaribio katika mkoa wa Pwani, wengi walishangaa: vituo vingi vilitegemea modemu za simu ambazo mawimbi yake yalikuja na kupotea. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kiolesura. Fomu ya kuingizia takwimu ilifanywa itunze namba ndani ya kivinjari mtandao ukikatika, kisha izitume ukirudi. Hatua hiyo iliokoa kazi nyingi, lakini fomu ilibaki kwenye teknolojia ya zamani ambayo kila mwaka ilizidi kuwa ngumu kuigusa. Mwaka 2022, katika toleo la 2.39, ilikuja fomu mpya iliyoandikwa upya kwa React, maktaba ya kujengea skrini. Kabla ya hapo waendelezaji walikuwa wameshajenga jukwaa la pamoja la programu ndogo: zana moja ya kuanzishia, kujengea, kutafsiri na kusambazia, badala ya kila programu kuwa na desturi zake. Zana hiyo iliegemea kwanza zana ya ujenzi iitwayo Create React App, baadaye ikahamia nyingine, Vite. Na programu hizo ndogo zikaanza kuweza kusasishwa moja moja, bila nchi kulazimika kubadilisha mfumo mzima ili ipate kitufe kilichosahihishwa. Wizara iliyokuwa ikingoja toleo kubwa, pamoja na hofu na mafunzo yake, sasa inaweza kupokea fomu iliyorekebishwa peke yake. Fomu nzuri ilifuata zana nzuri, nami sioni namna ambavyo mfuatano huo ungegeuzwa.

Najua pingamizi la kwanza, na linatoka kwa watu makini. Ulimwengu wa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za wavuti, wanasema, hubadilisha zana kama vitenge vya sikukuu: jana Grunt na Gulp, kisha webpack iliyoanza mwaka 2012, kisha esbuild na Vite za 2020. Create React App iliyotoka 2016 ikiwa njia iliyopendekezwa kwa wanaoanza ilitangazwa rasmi kuwa imepitwa Februari 2025. Mradi wa afya hauwezi kukimbizana na mitindo hiyo. Nakubaliana na nusu ya maneno hayo. Kuhamia zana mpya kwa kuwa inazungumzwa ni ubadhirifu, na nimeona miezi ya kazi ikiteketea hivyo. Lakini kubaki nako kuna bei yake. Zana iliyoachwa na waandishi wake haipati tena marekebisho ya usalama, na siku itakapolazimu kuhama utahama kwa haraka, chini ya shinikizo, ukiwa na deni la miaka. Kipimo ninachokipendekeza ni cha kawaida kabisa: ujenzi unachukua muda gani kwenye kompyuta ya bei nafuu, unapakua mega ngapi kuanza, unatoa faili za uzito gani, na je, fundi mgeni anaweza kuujenga mradi siku yake ya kwanza kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa? Majibu yakiwa mazuri, usiguse. Yakiwa mabaya, jina la zana halikuokoi, liwe jipya au la zamani.

Pingamizi hilo lina upande mwingine unaostahili jibu: kila zana huleta utegemezi, na utegemezi huvunjika. Machi 2016 mwandishi mmoja, Azer Koçulu, aliondoa kwenye npm, hazina ambako miradi ya JavaScript huazima maktaba, vifurushi vyake baada ya mgogoro wa jina, kimojawapo kikiwa left-pad, kipande cha mistari 11 cha kuongeza nafasi mbele ya maandishi. Miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa, kwa kuwa ilikitegemea kupitia maktaba nyingine bila hata kujua. Wengine hulitaja tukio hilo kama sababu ya kuogopa zana. Mimi nalisoma kinyume. Walioumia ni waliokuwa wakipakua upya kila kitu kila walipojenga. Mradi wenye faili ya kufunga matoleo, wenye nakala za vifurushi kwenye hifadhi yake, unajengwa hata hazina ya nje ikiwa imezimika, na unajengwa Likasi umeme wa SNEL ukiwa umerudi saa mbili tu na mtandao haujarudi. Uwezo huo wa kujenga bila mtandao tungeuhitaji hata kama left-pad isingetoweka.

Pingamizi la pili ni la wenye matumaini: mtandao unakua, simu zinazidi kuwa na nguvu, kwa nini tuhangaike na kilobaiti? Takwimu za HTTP Archive, mradi unaopima kurasa za wavuti tangu 2010, zinajibu. Ukurasa wa kati wakati huo haukufika megabaiti moja. Siku hizi umepita megabaiti 2 hata kwenye simu. Barabara ilipopanuliwa, mizigo iliongezwa. Kila nafuu ya mtandao imeliwa na waandishi wa programu kabla haijamfikia mtumiaji, hasa yule anayelipa kwa mega. Mhandisi wa Oslo au Nairobi mwenye waya wa kasi haoni uzito wa kazi yake, na hatauona mpaka zana ya ujenzi imkatalie: faili imezidi kikomo, ujenzi umeshindwa. Kikomo cha namna hiyo kinawekwa kwa mstari mmoja wa mipangilio, nami nakihesabu kuwa sera ya haki kuliko tamko lolote la kutomwacha mtu nyuma.

La tatu linatoka kwa wafadhili na wakuu wa miradi. Wanataka kuona kitu: dashibodi mpya, ramani mpya, ripoti yenye rangi. Huwezi kumwonyesha mgeni kutoka ubalozini ujenzi uliopungua kutoka dakika ishirini hadi sekunde kumi. Sidhani kama wana nia mbaya. Bajeti zao huandikwa kwa vitu vinavyohesabika. Lakini ndani ya bajeti hizohizo kuna mafunzo, na sehemu kubwa ya mafunzo ya mifumo hii hutumika kuwafundisha watu kukwepa kasoro za skrini. Siku tatu za hoteli mjini Lubumbashi, usafiri na posho, ili watu waelezwe kwamba kitufe cha kuhifadhi kimefunikwa na kibodi na hivyo washushe kibodi kwanza. Kitufe kilichorekebishwa hakihitaji semina. Anayetaka kitu cha kuhesabu ahesabu hilo.

Mwisho nazungumzia nani anaweza kurekebisha, kwa sababu hapo ndipo suala la zana linapogusa uhuru wa watu wetu. Mradi unaodai kupakua mamia ya megabaiti za vifurushi na kompyuta yenye kumbukumbu kubwa ili tu ujengwe umeshaamua, bila kutangaza, kwamba mwanafunzi wa informatiki wa Likasi hatashiriki. Ataripoti kosa, na wengine watalirekebisha wakipata nafasi. Tanzania inaonyesha njia tofauti. HISP Tanzania, timu ya mafundi yenye mizizi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imeandika programu ndogo zinazoendeshwa juu ya DHIS2, ikiwemo ile ya kadi za alama za kufuatilia viashiria, na zimetumika pia nje ya Tanzania. Waliweza kwa kuwa walikuwa na watu wenye ujuzi, na kwa kuwa mlango wa kujengea programu bila kugusa kiini cha mfumo ulikuwa wazi. Haut-Katanga ina vijana wenye ujuzi, na wana faida ambayo fundi wa mbali hana: wanaweza kusimama nyuma ya anayeingiza kaneva na kuona mkono wake unapokwama.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia miradi ya wavuti katika jimbo hili, serikalini na kwenye mashirika, waandike katika mkataba ujao mambo matatu: msimbo wote na maelezo ya kuujenga vikabidhiwe, ujenzi ufanyike kwenye kompyuta ya kawaida bila mtandao baada ya upakuaji wa kwanza, na faili za mtumiaji ziwe na kikomo cha uzito kilichopimwa kwa mtandao wa Kamatanda. Walimu wa informatiki wa Likasi na Lubumbashi nao wachukue programu moja ambayo zoni ya afya inaitumia, waijenge pamoja na wanafunzi wao, na waanze na kisanduku cha namba.